Koo la Njiwa

Mbeya, Jumamosi, 1 Juni 1957

Tangu kabla ya Ramadhani sijaandika neno hapa. Ni aibu kwa mtu aliyewafundisha watoto wa watu kwamba shajara inayosubiri wakati mzuri si shajara. Radhi niiombe kwa nani? Daftari ni langu, msomaji ni mimi. Basi najiomba radhi mwenyewe. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa safarini. Niliogopa kuandika nilichokuwa nikikisikia.

Mazoezi leo kama kawaida. Baada ya alasiri, sebuleni, madirisha yamefungwa kwa baridi. Idrisa, mwanangu mkubwa, gitaa. Salum, anayemfuata, ngoma. Mimi fidla. Mama yao, Sikudhani, kando ya seredani na birika la tangawizi. Katikati Zuhura, binti yetu, mwimbaji. Amesimama wima kama nilivyomfundisha. Shali imezungushwa shingoni mara mbili.

Idrisa ana kipande cha penseli anachokifunga kwa mpira juu ya nyuzi, kwenye shingo ya gitaa. Akikisogeza juu, wimbo wote hupanda. Akikirudisha chini, wimbo hushuka. Mwimbaji ndiye anayeamua penseli ikae wapi, maana ndiye anayejua koo lake. Mwaka jana, kwa wimbo wetu wa kufungia dansi, penseli ilikaa juu kabisa. Kabla ya mfungo ilikuwa imeshuka hadi katikati.

Leo gitaa lilikuwa tupu. Penseli ilikuwa mfukoni mwa Idrisa. Walipiga kana kwamba wimbo ule ulizaliwa pale chini.

Nami niliburuta upinde wangu, nikawafuata.

Jumatatu, 3 Juni

Nimemwuliza Idrisa kuhusu penseli. Akaanza kuniambia kwamba gitaa "kimeharibika." Nilimtaka kwanza aisahihishe sentensi, kisha aseme kweli. Aliisahihisha sentensi, basi.

Salum ndiye aliyesema. Zuhura aliwaomba wanifiche. Alihofu kwamba nikijua nitaivunja bendi.

Hakukosea. Ningeivunja.

Sikuitaka bendi hii. Zuhura aliimba mara ya kwanza shuleni kwangu, siku ya zawadi, akiwa na miaka tisa. Tulimsimamisha juu ya kiti ili aonekane. Kisha wake wa wafanyabiashara wakaanza kumwazima kwa arusi zao, huko ndani kwa wanawake. Kisha wakaja watu wa ukumbi. Nilikataa. Wakaja tena, nikakataa tena. Mwishowe nikaona kwamba ataimba kwa ruhusa yangu au bila ya ruhusa yangu, nikaweka masharti: asimame kati ya kaka zake, mimi nyuma yake, mikono ya nguo iwe mirefu, na pasiwe na mwanamume wa kumpa mkono. Hivyo ndivyo tulivyokuwa bendi. Tumepiga Tukuyu, Njombe, Chimala, Iringa. Watu hutembea kutwa nzima kuja kumsikia.

Humwita Njiwa. Mwisho wa kila dansi bendi hunyamaza, yeye huinua kidevu na kutoa mlio mmoja mrefu, peke yake, na shingo hututumka kama ya njiwa anapolia. Sharti jingine langu: mlio ukianza, mtu asiguse chombo mpaka uishe. Nilitaka usikike safi. Nililipenda jina lile. Nilijivuna nalo.

Hatukuona kwamba shingo ilikuwa hairudi tena wimbo ukiisha.

Ijumaa, 7 Juni

Ni rovu, uvimbe wa koo. Nimeliandika.

Sikudhani anajua tangu zamani. Mama yake, huko Uhehe, alikuwa nalo. Lilikua polepole, miaka na miaka, kama boga juani. Kila mtu alilizoea. Asubuhi moja hakuamka. Sikudhani alinisimulia haya tulipooana, nami nikampa pole kama mtu anayesikia habari za nchi ya mbali.

Leo nikitoka msikitini nilipita sokoni. Mwuza viazi mmoja akaniita, "Mwalimu, tunasikia ghala la Njiwa limejaa! Msimu huu atatuua!" Wenzake wakacheka kwa furaha. Hawakuwa na ubaya. Ndivyo wanavyoamini: kwamba sauti yake inakaa mle shingoni, na kadiri shingo inavyojaa ndivyo sauti inavyoongezeka. Idrisa aliwahi kulisema hilo jukwaani, kwa mzaha, ili kuwachangamsha watu. Sasa ni itikadi. Wanawake hupima kwa macho. Dansi hadi dansi wanaulizana limefika wapi.

Nilijibu salamu. Nilinunua viazi.

Zuhura anakataa kuzungumza. Nikiingia chumbani hukaza shali. Jana nilimsikia akipanda vipandio vitatu vya nyuma ya nyumba. Alisimama katikati kuvuta pumzi, na pumzi ilitoa mluzi mwembamba kama upepo katika tundu la ufunguo. Ana miaka ishirini na miwili.

Jambo jingine. Bwana wa santuri amempelekea Idrisa habari kutoka Nairobi. Atakuja nyanda hizi mwezi ujao akiwa na mashine yake ndani ya gari. Amesikia sifa za Njiwa, anataka kuichukua sauti yake. Vijana hawalali kwa furaha. Mimi silali.

Jumapili, 16 Juni

Chimala, jana. Niandike mara moja, nisirudie.

Tulishuka kwa lori la mpunga. Mavuno yamekwisha, watu wana raha. Joto la bondeni, nilivua koti. Dansi lilikuwa katika ghala kubwa la mfanyabiashara mmoja, magunia yamepangwa kuwa viti. Lilianza mapema alasiri kwa sababu malori hayapendi kupanda mlima gizani. Wasangu, Wanyakyusa, Wasafwa, madereva, wake za madereva. Watoto juu ya magunia hadi darini.

Zuhura aliimba vizuri nyimbo za mwanzo. Chini, lakini vizuri. Nilianza kujidanganya.

Ulipofika wimbo wa mwisho wakaanza: "Njiwa, fungua ghala! Fungua ghala!" Mama mmoja mnene, amekaa mbele na kikapu cha vitumbua, akawageukia: "Mwacheni mtoto avute pumzi! Mnadhani ni gurudumu la baiskeli la kujazwa upepo?" Ghala zima lilicheka. Zuhura naye alicheka. Kisha akaivua shali, kwa sababu watu waliitaka shingo, akainua kidevu.

Tulinyamaza. Salum alishika ngozi ya ngoma. Idrisa aliweka kiganja juu ya nyuzi. Mimi niliinua upinde hewani, kama kawaida, kuwaonya wote wasubiri.

Mlio haukuja.

Kinywa kilikuwa wazi. Shingo imetuna. Mishipa imesimama. Ule mluzi ukasikika, ukiingia, hautoki. Watu walipiga makofi. Waliona ni ufundi mpya. Baadhi walisimama juu ya magunia ili waone vizuri zaidi. Midomo yake ilibadilika rangi. Mikono yake ilikuwa ikitafuta kitu hewani, nasi tulisimama, wanaume watatu wa damu yake, hatua moja kutoka kwake, tukingojea mlio uishe. Kwa sababu ndivyo nilivyowafundisha. Hakuna hata mmoja aliyeivunja kanuni. Na mimi sikuushusha upinde.

Sikudhani ndiye aliyepanda jukwaani. "Baba Idrisa! Mtoto anakufa, wewe umeshika fimbo!" Alimkamata Zuhura mabegani, akamwinamisha mbele hadi kichwa kikafika magotini. Pumzi ikarudi. Ilirudi kwa sauti ambayo sitaieleza.

Wakaendelea kupiga makofi.

Jumatatu, 17 Juni

Nyumbani. Analala amekaa, ameegemea mito. Akilala chali anabanwa. Amesema ni hivyo tangu mwezi wa tatu.

Bendi nimeisimamisha.

Alhamisi, 20 Juni

Baraza la nyumba, baada ya chakula cha mchana. Mambo yalikuwa hivi.

Sikudhani anataka tumpeleke Iringa, hospitali ya misheni. Dada yake anakaa Ipogolo, tutapata pa kufikia. Amewaona watu waliokatwa marovu huko na wakarudi mashambani kulima.

Idrisa hakatai hospitali. Anataka bwana wa santuri atangulie. "Tumemngoja miaka mingapi, Baba? Akipita bila kutukuta, hapiti tena." Halafu akasema jambo ambalo limenikaa moyoni. Alisema sauti ikishaingia katika santuri haipatwi tena na kisu.

Salum alisema atakubali lolote ila dansi jingine. Tangu Chimala hajagusa ngoma. Anasema mikono yake inamchukiza.

Zuhura alikuwa akikunja nguo. Aliulizwa mara moja tu, na mama yake, iwapo anataka chai.

Nilitoa uamuzi: Iringa kwanza, tusikie daktari atasema nini. Niliutoa kwa sauti ya darasani. Nilipomaliza nilitambua kwamba sikuamua kitu. Nimelisogeza mbele tu.

Naogopa kisu. Naogopa kukosekana kwa kisu. Naogopa pia kwamba Idrisa ana haki.

Ipogolo, Jumatano, 26 Juni

Tumefika jana kwa basi. Vumbi tupu. Salum amebaki kulinda nyumba, Idrisa atatufuata. Zuhura alikaa dirishani njia nzima. Chimala tulipita bila kushuka. Mtu mmoja alimtambua kupitia dirishani, akamwonyesha kwa kujishika shingo yake mwenyewe na kutabasamu. Zuhura alimpungia mkono. Mimi nilitazama miguu yangu.

Shemeji yangu, Mama Mgaya, ni Mlutheri, mjane, mkulima wa mahindi na maharagwe. Hajawahi kuniogopa. "Kamwene, Mwalimu! Umekuja na sarufi yako au umeiacha Mbeya ilinde kuku?" Tangu nilipomwoa mdogo wake ndivyo anavyonipokea. Kisha alimshika Zuhura kidevu, akamgeuza huku na huku penye mwanga. Utani ukamwisha papo hapo. Alisema tu, "Kama la mama." Akaenda jikoni.

Nilimsikia akilia huko jikoni. Alidhani kelele ya sufuria inamficha.

Ijumaa, 28 Juni

Hospitali, asubuhi. Daktari ni Mzungu mzee, Kiswahili chake ni cha taratibu lakini hakina makosa. Nilimheshimu kwa hilo mara moja, kisha nikajilaumu kwa kuwaza hilo.

Alimpapasa shingo akiwa nyuma yake. Alimwambia ameze maji. Alimwambia ainue mikono juu ya kichwa na kuikaza kwenye masikio. Uso wa Zuhura ukaiva na mluzi ukaja. Alimwambia ashushe upesi. Akapiga picha ya kifua na shingo.

Maneno yake, kwa kadiri ninavyoyakumbuka. Rovu halikui kwa nje tu. Limeshuka pia kwa ndani, nyuma ya mfupa wa kifua, na limeisukuma njia ya pumzi upande mmoja. Likiachwa litaendelea. Siku moja litaziba. Anaweza kulikata. Lakini nyuma ya rovu hupita mishipa miwili myembamba ya sauti, kila upande mmoja, na rovu kama hili huwa limeikumbatia. Akipona salama kabisa, atasema kama sisi. Mshipa mmoja ukiumia, sauti itakuwa ya mkwaruzo maisha yote. Ile ya kuimba, alisema, hawezi kumwahidi mtu.

Zuhura aliuliza swali moja. "Na nikiimba kabla?"

Daktari aliiweka picha mezani. Akasema damu inaweza kuvuja ndani ya rovu lenyewe kwa kukaza sauti, likajaa ghafula. Halafu akasema, "Unaweza kuimba mara mia, lisitokee. Linaweza kutokea mara ya kwanza."

Amempa matone ya dawa ya kahawia, anywe katika maziwa, kuliandaa rovu. Kitanda kitakuwapo baada ya Idi Kubwa. Anataka jibu kabla.

Alisema pia kwamba watu wa pwani hawapati rovu kwa wingi. Vyakula vya bahari vina kitu ambacho milima haina. Nilipomweleza Mama Mgaya, alisema, "Basi babako alitoka Pangani na kuja kufuata nini huku juu, Shemeji? Baridi?" Alitaka nicheke. Nilijaribu.

Nimekaa uani peke yangu tangu alasiri. Jambo moja nitaliandika kwa sababu hakuna atakayelisoma. Naogopa kwamba akitoka kule na mkwaruzo, sitajua namna ya kuwa baba yake. Kila nilichompa nilimpa kwa kupitia sauti ile. Nilimsahihisha, ndivyo nilivyompenda. Nitamsahihisha nini?

Jumapili, 30 Juni

Idrisa amefika na gitaa lake. Bwana wa santuri amebadilisha safari: anaanzia Iringa, wiki hii hii ya Idi. Amepewa chumba nyuma ya duka la Mhindi mmoja mjini, atatundika mablanketi ukutani, atachukua nyimbo mbili kwa kila bendi. Anautaka ule wa mwisho. Pamoja na mlio.

Tulikaa mkekani, sote. Idrisa alizungumza vizuri kuliko nilivyojua kwamba anaweza. Alisema yeye si mjinga, naye alikuwapo Chimala, na anaota midomo ya dada yake. Lakini watu wamesikia miaka hii yote na kesho hawatakuwa na ushahidi. Watoto wa Zuhura hawatajua. Nyimbo mbili tu. Amekaa kitini, bila umati, bila kelele. Kisha aende hospitali na afanywe watakavyo.

Sikudhani alisema, "Nitawapa watoto wake maiti ya kusikiliza?"

Mama Mgaya alisema afadhali mkwaruzo wenye ugali.

Walinigeukia. Nami, Mungu anisamehe, nilianza kupima. Nilisema labda wimbo bila mlio. Nilisema labda mlio uwe mfupi. Nilisema labda fidla ifanye mlio na Zuhura aanzie baadaye. Nilikuwa nikiikata sauti yake vipande vipande kama daktari asiyesomea. Kisha nikajiona nimesimama katika chumba kile cha mablanketi, upinde juu, nikisubiri. Nikanyamaza.

Hapo ndipo Zuhura aliposema. Hakupaza.

"Mnagawana shingo yangu kama mbuzi wa Idi. Kaka anataka koo. Mama anataka pumzi. Baba anataka ngozi isichanike. Mwenye shingo mmemwachia nini? Kwato?"

Kisha Mama Mgaya akaangua kicheko, peke yake, akaziba mdomo kwa kanga. Zuhura naye akacheka, kicheko kikamgeukia kuwa kikohozi, kikohozi kikawa mluzi, na sote tukanyanyuka mara moja, mikono mbele, kama watu wanaomdaka kuku.

Ulipita. Tulikaa tena chini. Idrisa alikuwa akilia waziwazi.

Jumanne, 2 Julai

Asubuhi Zuhura alinifuata nilipokuwa nikinyoa ndevu uani. Aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Alisubiri nimalize upande mmoja.

Alisema neno hili, la kuamua, analitaka yeye. Si la Mama, si la Kaka, si langu. Alisema, "Nimesimama uliponiambia nisimame, Baba, na nimenyamaza uliponiambia ninyamaze. Sikujuta. Ila hili niachie."

Nilimwambia kwamba kwa desturi yetu neno kama hili ni la baba. Alisema anajua. Nilimwambia kwamba mtu mwenye hofu haamui vizuri. Akaniuliza ni nani katika nyumba ile asiye na hofu.

Sabuni ilikuwa ikinikaukia shavuni.

Nilitaka kumwuliza anaelekea wapi. Iwapo anataka santuri, nilitaka kumkataza. Iwapo anataka kisu, nilitaka kumkataza. Nilizitafuta sentensi zote mbili na nikaona kwamba zote zinaanza na neno "mimi".

Nikasema, "Ni lako."

Alinyanyuka. Hakunibusu mkono kama anavyofanya siku zote, nadhani alisahau. Alipofika mlangoni aligeuka, akasema nimeacha ndevu upande wa kushoto.

Nimewakusanya wengine, nimewaambia. Sikudhani hajanisemesha tangu hapo. Idrisa amekwenda mjini kumwomba bwana wa santuri asitoe nafasi yetu kwa bendi nyingine, na wakati huo huo hataki kumwahidi kitu. Sijui atakavyoliweka. Mara hii sikumsahihisha kabla hajaondoka.

Hofu haikupungua kwa kulitoa lile neno. Nilidhani itapungua. Imebadilika tu. Mwanzo nilikuwa kama dereva anayeogopa mteremko. Sasa nimekaa nyuma, juu ya mizigo, nauona mteremko vilevile.

Ijumaa, 5 Julai

Kimya leo. Upepo kidogo. Shemeji amefunga mbuzi wake nyuma ya nyumba ili wasile kunde.

Niliswali Ijumaa mjini, nikarudi kwa miguu. Wakati wa dua nilifungua viganja kama wengine na sikujua niombe lipi. Niliomba Mungu amwone. Basi.

Niliporudi, Zuhura alikuwa akichambua mchele ukumbini pamoja na mama yake na mama yake mkubwa. Wamemvua shali, kuna jua. Shingo iko wazi, na hakuna anayeitazama na hakuna anayeikwepa. Mama Mgaya alikuwa akisimulia habari za jirani aliyemwuza jogoo mmoja kwa watu wawili. Zuhura alimwuliza, "Sasa yule wa pili alipewa nini, manyoya?" Sauti yake ni nzito siku hizi, ina vumbi. Walicheka. Sikudhani alinisogezea kigoda bila ya kusema neno, nami nikakaa.

Nilikaa muda mrefu. Walizungumza juu ya jogoo, juu ya bei ya mafuta ya taa, juu ya iwapo Salum anakula vizuri akiwa peke yake. Nilimsikiliza mwanangu akiongea. Sikumbuki kama nimewahi kufanya hivyo.

Amesema atatuambia Jumapili au Jumatatu, kabla ya Idi, na hataki kuulizwa. Sijamwuliza. Kitanda kipo. Chumba cha mablanketi kipo.

Kalamu naiweka chini hadi hapo. Akishasema, nitaliandika neno lake kama atakavyolitamka, hata likiwa silo ninalolitaka. Nami kwa kweli ninalolitaka silijui.